Kumwona Pomboo Kabla Hajazama

Watu wengi wanaopanda boti ya kitalii Milford Sound, kusini-magharibi mwa New Zealand, hurudi gatini wakiwa na picha mia za maporomoko ya maji na picha moja ya sili aliyelala. Si kwamba wanyama hawakuwapo. Pomboo walipita ubavu wa pili wa boti wakati abiria wamepanga foleni ya chai. Pengwini alisimama juu ya jiwe, karibu kabisa, wakamdhani naye ni jiwe. Msafiri huambiwa bei ya tiketi, saa ya kuondoka na aina ya koti la kubeba, lakini ni nadra kumpata mtu wa kumwelekeza namna ya kutazama. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza hapa, kwa anayefunga mizigo na hata kwa ambaye bado anaiwekea akiba safari hiyo.

Mnyama wa baharini hakai mahali ovyo ovyo. Ameletwa pale na chakula, na jua, na usalama au na mwana. Ukiijua sababu iliyomleta, macho yako yatakuwa yanamsubiri mahali atakapotokea, badala ya kumkimbilia baada ya mwenzako kupiga kelele. Anayepiga kelele kwa kawaida amemwona akimalizia kuzama.

Tuanze na maji yenyewe, maana kule hayafanani na ya pwani yetu. Fiodi ni hori refu, jembamba, lenye kina kikubwa, lililochongwa na mito ya barafu kisha likajazwa na bahari barafu ilipoyeyuka. Pwani ya eneo hilo, Fiordland, imekatwakatwa na fiodi nyingi, na mbili ndizo anazofika mtalii wa kawaida. Milford Sound, ambayo Wamaori huiita Piopiotahi, ina urefu wa kilomita 15 hivi kutoka gatini hadi Bahari ya Tasman, na kilele cha Mitre Peak kimesimama ukingoni mwake kwa karibu mita 1,690 kutoka usawa wa maji. Doubtful Sound, au Patea, iko kusini zaidi. Hiyo ina urefu wa kilomita 40, kina kinachopita mita 400, na mikono kadhaa inayojipenyeza katikati ya milima. Kapteni James Cook alipita nje ya mlango wake mwaka 1770 akakataa kuingia, kwa sababu alitilia shaka kama upepo ungemruhusu kutoka tena.

Milford hupata mvua inayozidi milimita 6,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tano ya ile inayonyesha Dar es Salaam. Mvua hiyo hupita kwenye msitu mnene, ikachukua rangi ya majani na magome, na hufika baharini ikiwa nyeusi-nyekundu kama chai ya rangi. Kwa kuwa maji ya mvua ni mepesi kuliko ya chumvi, hayachanganyiki nayo upesi. Hukaa juu kama tabaka la mita kadhaa na kuuzuia mwanga wa jua usiende chini. Ndiyo sababu matumbawe meusi, ambayo kwingineko hukaa kwenye vilindi, humo ndani huota yapata mita 10 tu kutoka juu. Yakiwa hai ni meupe, weusi ni wa mifupa yake. Katika ghuba ndogo ya Harrison Cove kuna chumba kilichojengwa chini ya maji, unashuka ngazi hadi kina cha mita 10 na kuyatazama kupitia kioo. Kikiwa wazi, baadhi ya tiketi za boti hukijumuisha. Mimi ningelipa nyongeza hiyo bila kusita, hasa kwa mwenye watoto.

Kwa aliye juu ya sitaha, tabaka hilo la maji meusi lina maana nyingine. Pezi la kijivu likiibuka kwenye maji meusi, chini ya kivuli cha jabali, ni vigumu mno kulitambua. Kwa hiyo usitafute umbo la mnyama. Tafuta kinachong'aa: mgongo uliolowa unaopokea mwanga kwa sekunde moja, povu jeupe pasipo na upepo, au wingu dogo la pumzi lililoning'inia mbele ya mwamba mweusi. Asubuhi ya baridi pumzi ya pomboo huonekana mbali zaidi kuliko pezi lake, na ikiwa jua liko upande wa pili wake, huonekana kama moshi uliowashwa taa. Siku nyingine jicho halioni chochote, ila sikio linapata ile “pfuu” fupi. Ukiisikia, usigeuke ovyo. Tulia, tazama ilikotoka, kisha peleka macho mbele kidogo ya hapo, maana mnyama anaendelea na safari yake na ataibuka alikoelekea.

Mtu akiniuliza aende fiodi ipi, humuuliza kwanza anataka kumwona nani. Anayetaka sili na pengwini, na ana siku moja tu, aende Milford. Safari ya boti huchukua saa moja na nusu hadi mbili na nusu, boti ni nyingi na nauli si kubwa sana. Anayetaka pomboo aende Doubtful Sound. Kule kuna kundi la pomboo wa aina ya chupa, wale wakubwa wa kijivu, wanaoishi humo mwaka mzima, na wako kama sitini hivi. Ni miongoni mwa makundi ya aina hiyo yanayoishi kusini kabisa mwa dunia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago wamekuwa wakiwafuatilia tangu mwaka 1990, na humtambua kila mmoja kwa mapengo na makovu ya pezi lake la mgongoni. Mtafiti David Lusseau aliwahi kuchora mtandao wa urafiki wao, nani huogelea na nani, kwa pomboo 62, na mchoro huo sasa unatumiwa na wanahisabati duniani kote kujaribia nadharia zao za mitandao. Ukiwa pale na kuwaona wawili wakienda bega kwa bega, kumbuka kwamba huenda wawili hao wamefahamiana kwa miaka mingi.

Kwenda Doubtful kunahitaji siku nzima. Unavuka Ziwa Manapouri kwa boti, unapanda basi kupita kipito cha Wilmot kwa barabara ya kilomita 22, ndipo unapanda boti ya pili na kukaa majini kama saa tatu. Bei inapanda, lakini umati unapungua, na baadhi ya manahodha huzima injini kabisa ndani ya mkono mmoja wa fiodi ili abiria wasikie ukimya. Zipo pia boti za kulala. Kwa maoni yangu, mwenye uwezo wa kuchagua kitu kimoja tu cha kutumia fedha zake New Zealand achague kulala ndani ya Doubtful Sound, kwa sababu machweo na alfajiri ndiyo saa ambazo watalii wa siku moja hawapo na maji yametulia.

Majira ni jambo ambalo wengi hulipuuza. Msimu wa watalii ni Desemba hadi Aprili, kiangazi cha kule. Uchunguzi wa Lusseau uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba pomboo wanaotembelea Milford huikwepa fiodi hiyo kipindi ambacho boti zimezidi. Kwa maneno mengine, ukienda wakati kila mtu anakwenda, unakwenda wakati ambao pomboo wameondoka. Julai, wakati wa kipupwe kwetu, kule ni baridi ya kuuma, na barabara ya kutoka mji wa Te Anau kwenda Milford hufungwa mara kwa mara kwa hofu ya maporomoko ya theluji. Lakini hali ya hewa ikiruhusu, unapata fiodi karibu tupu.

Nikitakiwa kutaja mwezi mmoja, nitataja Oktoba. Sababu yake ni tawaki.

Tawaki ni pengwini wa Fiordland, mwenye urefu wa sentimita 60 hivi, mdomo mnene wa rangi ya chungwa, na mstari wa manyoya ya njano unaoanzia puani, ukapita juu ya jicho na kuchomoza nyuma ya kichwa. Ni mmoja wa pengwini adimu duniani, na tofauti na wale wa kwenye barafu tunaowaona katika filamu, huyu hujenga kiota msituni, chini ya mizizi na magogo yaliyoanguka. Hufika Julai, hutaga mayai mawili, na kwa kawaida hulea kifaranga mmoja. Kufikia Oktoba kifaranga amekua na njaa yake pia imekua, hivyo wazazi wanapishana kati ya msitu na maji. Hapo ndipo mtazamaji anapopata nafasi. Desemba wameondoka wote. Huenda maelfu ya kilomita kusini kwenye Bahari ya Kusini kutafuta chakula, kisha hurudi mwishoni mwa kiangazi kunyonyoka manyoya, na kwa muda wa wiki tatu hivi hawawezi kuingia majini.

Namna ya kumwona tawaki ni hii. Usitazame maji, tazama ule mstari ambapo msitu unakutana na mwamba na mwamba unakutana na maji. Pale penye mpasuko au mteremko wa mawe wenye vinyesi vyeupe, ndipo njia yao. Mgongo wao ni mweusi na wakigeukia mlima hawaonekani, kwa hiyo subiri kidoa cheupe kitakachojitokeza akigeuza kifua. Hutembea wameinamisha shingo mbele, huruka jiwe hadi jiwe kwa miguu yote miwili, husimama, husikiliza, huruka tena. Mwendo huo wa kusitasita ndio unaomfichua. Watazamaji wengi hupitisha darubini upesi mno wakamkosa akiwa amesimama. Mpe kila kipande cha ukingo sekunde kumi kabla hujaenda kwa kinachofuata. Majini ni vigumu zaidi: ni kichwa kidogo na mdomo tu, kisha hakuna kitu. Kuna pia pengwini mdogo wa buluu, kororā kwa Kimaori, ambaye huelea chini sana na hufanana na bata aliyezama nusu.

Sili wa manyoya ni rahisi kuliko wote, na kwa hiyo watu humtazama vibaya. Nahodha husogeza boti kwenye mwamba wanaoupenda, upande wa kaskazini wa fiodi karibu na mlango wa bahari, abiria wanapiga picha, boti inaondoka. Wengi wa wale wanaoonekana pale ni madume ambao hawajapata nguvu ya kugombea wake, wamekuja kupumzika baada ya kuwinda usiku. Wanaweza kupiga mbizi kupita mita 200. Tazama tofauti ya manyoya: aliyetoka majini ni mweusi na anang'aa, aliyekauka ni wa kahawia. Tazama masikio madogo yaliyochomoza na namna anavyotumia mapezi ya mbele kujiinua. Kuna jambo moja la sili ambalo huwadanganya hata wazoefu. Akiwa majini anaweza kulala ubavu na kuinua pezi moja hewani, akalishikilia hivyo kwa dakika nzima ili kurekebisha joto la mwili. Kila safari kuna abiria anayelipigia kelele pezi hilo akidhani ni pomboo au papa. Kanuni ni nyepesi: pezi la pomboo huchomoza, huenda mbele na kuzama kwa mwendo mmoja wa mviringo, lakini pezi lililosimama mahali pamoja, limepinda na kulegea, ni la sili anayepumzika.

Na anapomtazama, msomaji ajue kwamba mnyama huyo alikaribia kumalizwa. Mwaka 1792 kundi la kwanza la wawindaji sili liliachwa Dusky Sound, fiodi nyingine ya pwani hiyo hiyo, na meli yao iliporudi mwaka uliofuata walikuwa wamekusanya ngozi 4,500. Waliofuata hawakubakisha kitu. Kuwaona leo wamejilaza kwa makundi ni matokeo ya ulinzi wa sheria na ya muda mrefu wa kuachwa, na hilo linanigusa kuliko urefu wa maporomoko yoyote.

Pomboo nao wana mambo yao. Katika fiodi utakutana na wa aina mbili. Wa chupa ni mkubwa, hufika mita tatu na zaidi, rangi ya kijivu, pua fupi nene inayoonekana wazi. Yule mwingine, pomboo wa kiza, ni mdogo, hafiki mita mbili kwa kawaida, hana pua iliyochomoza, ubavuni ana michirizi myeupe, na hupenda kuruka juu kabisa ya maji. Ukiona kundi linarukaruka na kupinduka hewani karibu na mlango wa bahari, yaelekea ni hao wadogo. Wa chupa wanapokuwa safarini huibuka kwa mpangilio: pumzi tatu au nne fupi, kisha mbizi ndefu. Kwenye pumzi ya mwisho mgongo hupinda zaidi na mkia huinuka. Ukiuona mkia, shusha kamera, pumzika, hesabu, kisha tazama mbele ya njia yao. Anayepiga picha bila kujua mpangilio huo hurudi na picha za viwimbi vya duara.

Wakiamua kuja kwenye boti, huja kwenye omo, kwa sababu msukumo wa maji mbele ya chombo huwabeba. Nenda omoni mapema, shika ukingo, tazama chini moja kwa moja. Kupitia maji yale meusi utaona kwanza tumbo lililo jeupe kidogo likigeuka, ndipo mwili wote. Kati ya mambo yote ya safari hiyo, lile la pomboo kujigeuza ubavu na kukutazama kwa jicho moja ndilo linalowafanya watu wazima wanyamaze.

Kuhusu nyangumi, usijenge matumaini. Nyangumi nundu, nyangumi wa kusini na hata orka huingia mara chache, na ni bahati tupu. Msomaji wa pwani ya Kenya anayemtaka nyangumi nundu ana nafasi nzuri zaidi nyumbani, Watamu, kati ya Julai na Septemba.

Ndege usiwasahau, kwanza kwa sababu ndio wanaokuonyesha penye samaki. Membe na shakwe wakijazana mahali pamoja na kutumbukia, chini kuna dagaa wanaosukumwa juu, na anayewasukuma anaweza kuwa pomboo au sili. Pili, kwenye mlango wa fiodi, boti inapoanza kupokea mawimbi ya Bahari ya Tasman, ndipo albatrosi hupita. Mabawa yake ni marefu, membamba, hayapigwi, na hugeuka ubavu kwa ubavu juu ya wimbi. Ni wakati huo huo ambapo abiria wengi hukimbilia ndani kwa sababu chombo kimeanza kuyumba. Vumilia dakika hizo chache. Anayejijua kwamba bahari humlevya ameze dawa kabla ya kuondoka, asimame katikati ya chombo na akazie macho upeo wa mbali. Ndani ya fiodi maji kwa kawaida ni tulivu, mlango ndio wenye kuyumbisha.

Sasa boti na mahali pa kusimama. Mabasi ya kutoka mji wa Queenstown husafiri karibu saa nne na kumwaga watu gatini kuelekea mchana, kwa hiyo boti za kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana hujaa. Lala Te Anau, kilomita 120 hivi kutoka Milford, uwahi boti ya kwanza, au usubiri ya mwisho jioni. Chagua chombo kidogo chenye sitaha ya wazi inayozunguka pande zote. Kabla ya kulipa uliza kama kuna mwongozaji wa mazingira, na kama nahodha husimamisha chombo wakitokea wanyama au anakimbizana na ratiba. Jibu la swali hilo la pili lina thamani kuliko chakula cha mchana wanachokutangazia.

Milford, boti nyingi hutoka zikiambaa na ukingo wa kusini, na hurudi zikiambaa na ule wa kaskazini. Maana yake ni kwamba upande wa kushoto ndio ulio karibu na jabali kwenda na kurudi. Thibitisha kwa kumuuliza baharia, kisha simama mbele kushoto, ambapo unaweza kufika omoni kwa hatua chache. Usikae ndani nyuma ya kioo chenye matone ya mvua. Chai itakusubiri.

Wahudumu hutaja mahali kwa mfano wa uso wa saa. Omo ni 12, ubavu wa kulia ni 3, tezi ni 6, ubavu wa kushoto ni 9. Fuata namba iliyoandikwa usoni pa saa, usiigeuze kuwa saa ya Kiswahili, la sivyo utatazama upande wa pili kabisa.

Macho matupu kwanza, darubini baadaye. Anayekodoa kupitia darubini muda wote anaona duara dogo na kukosa kila kitu nje yake. Anza karibu na chombo, peleka macho taratibu hadi ukingoni, rudi, sogea kipande cha pili. Ukipata kitu cha kutiliwa shaka, usikiache: huku umekikazia macho, pandisha darubini mpaka usoni. Ya ukubwa wa mara 7 au 8 inatosha. Ya mara 12 itatikisika na chombo na kukupa kichefuchefu bure. Jizoeze nyumbani kabla ya safari, hata kwa kuwafuata kunguru juu ya mnazi.

Magogo yatakudanganya. Miti ya Fiordland imeota juu ya mwamba mtupu, imeshikana mizizi kwa mizizi kwenye utando wa kuvumwani na udongo kidogo. Mmoja ukiachia baada ya mvua kubwa huvuta mingine, na mteremko mzima huporomoka hadi baharini. Utaiona mistari mitupu ya mwamba palipotokea hivyo. Baada ya siku kama hizo majini huelea magogo mengi, meusi, yenye kuchomoza hapa na pale. Gogo hupanda na kushuka pamoja na wimbi, mnyama hupingana nalo.

Mvua isikukatishe tamaa. Haimnyimi mnyama kitu, na huyaamsha maporomoko ya muda yanayoshuka kutoka kila upande. Kinachoharibu utazamaji ni upepo, kwa sababu vilele vyeupe vya mawimbi hufanana na kila kitu unachokitafuta. Siku ya mawingu bila upepo ni bora kuliko siku ya jua kali: hakuna mwako juu ya maji. Siku ya jua, vaa miwani inayoondoa mng'ao wa maji.

Kuhusu adabu mbele ya wanyama, sheria ya New Zealand ya kulinda mamalia wa baharini ya mwaka 1978, pamoja na kanuni za mwaka 1992, inasema wazi: vyombo visizidi vitatu ndani ya mita 300 za mnyama, viende pole, visikate katikati ya kundi, na visimkaribie nyangumi chini ya mita 50. Doubtful Sound wameongeza makubaliano yao tangu mwaka 2008, ambapo vipande kadhaa vya ukingo vimeachiwa pomboo, upana wa mita 200 kutoka nchi kavu, na manahodha hawatakiwi kuwasaka. Pomboo akitaka, atakuja mwenyewe. Kundi lile ni dogo, vifo vya watoto wachache tu vinaliyumbisha.

Aliyewahi kwenda kuwatazama pomboo Kizimkazi, Zanzibar, anajua inavyokuwa mashua nyingi zinapowazingira na watu kujirusha majini juu yao. Tabia hiyo usiibebe. Usimshawishi nahodha asogee, usipige miluzi, usigonge ubavu wa chombo, usitupe mkate. Mbele ya mwamba wa sili, sema kwa sauti ya chini. Sili aliyelala akiinua kichwa, umemsumbua kidogo. Akiinuka kifua na kutazama maji, umemsumbua vya kutosha, na ni haki yako kumwambia mhudumu kwamba chombo kirudi nyuma. Ukiwakuta nchi kavu, kaa mita 20 mbali na usisimame kati yao na maji. Tawaki anayetoka majini akiona watu njiani hurudi nyuma na kusubiri, na wakati anaposubiri kifaranga hakuli. Vicheche walioletwa kutoka Ulaya tayari wanamwinda msituni, asiongezewe adha na sisi.

Vifaa ni vichache. Koti lisilopitisha mvua na upepo, kofia inayofunga masikio, glavu ambazo unaweza kushikia darubini, viatu visivyoteleza, kitambaa kikavu cha kufutia lenzi ndani ya mfuko wa plastiki. Na dawa ya usubi. Cook aliulalamikia usubi wa Dusky Sound mwaka 1773, na haujapungua. Majini chombo kikienda hautakufuata, lakini gatini na vituoni utakula vifundo vya miguu yako. Njiani kwenda Milford, karibu na handaki la Homer, kea watakuja kwenye gari. Ni kasuku wa milimani, werevu na wachokozi. Usiwape chakula hata wakikuomba kwa sura ya huruma, kwa kuwa wanaozoea chakula cha watu huishia kugongwa na magari.

Beba daftari dogo. Andika saa, mahali, idadi, walikokuwa wanaelekea, na kama kuna mtoto kati yao. Ukiona mnyama aliyenaswa kamba au wavu, mwenye jeraha, au boti inayowakimbiza pomboo, mwambie baharia hapo hapo mkiwa bado majini, ili nahodha aripoti mahali penyewe kwa Idara ya Uhifadhi, DOC. Taarifa ya papo hapo inaweza kumfikisha mwokoaji. Ile ya kesho yake, iliyoandikwa kwa kumbukumbu kutoka hotelini, haimkuti tena mnyama mahali ulipomwacha.